Kofia za Karatasi

Waalimu wenzangu huniuliza mara kwa mara, "Tutafundishaje kazi za mikono, nasi hatuna rangi, wala mikasi ya kutosha, wala fedha ya kununulia vifaa?" Leo nataka kuwajibu kwa habari ya kitu kidogo, nacho ni kofia ya karatasi. Lakini siwezi kueleza habari ya kofia pasipo kueleza kosa langu, maana kosa ndilo lililonifundisha kazi yenyewe. Basi nitaanza na kosa.

Kwanza yawapasa kujua mahali petu palivyo. Tura ni kituo cha reli ya kati, upande wa mashariki wa Tabora. Kabla ya reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, Tura palikuwa mlango wa Unyamwezi kwa watu wa misafara. Mtu aliyetoka pwani alipita Ugogo, kisha akaingia pori refu lililoitwa Mgunda Mkali, yaani shamba kali, pori la miiba na jua, na maji yake haba. Alipoyaona mashamba ya Tura alijua kwamba amepona. Bwana Burton, Mwingereza aliyepita hapa pamoja na Bwana Speke mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hili ni "Tua," yaani tua mzigo, kwa kuwa kila msafara, utokao pwani au utokao bara, ulikaa hapa walau siku moja kupumzika. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata frasila 2, karibu kilo 32. Fikirini furaha ya mtu aliyeuchukua mzigo huo siku nyingi katika jua, kisha akaambiwa neno hilo moja.

Nawakumbusha haya kwa sababu miaka 2 iliyopita mtoto mmoja alikuja shuleni kwetu na mzigo wake, nami, mwalimu wa Tura, badala ya kumtua nikamwongezea.

Mtoto yule alikuja mwezi wa Januari, akaingia darasa la pili. Alikuwa akikaa kwa bibi yake. Ni mtoto mwenye ualbino, yaani ngozi yake, nywele zake na macho yake yana upungufu wa ile rangi ya asili inayotukinga sisi wengine na jua. Zamani watu walimwita mtu wa namna hiyo kwa jina la dharau, nalo lafaa liachwe kabisa. Alikuja amevaa kofia ya pama, kubwa, imechakaa, ikimfunika hata nyusi. Ilikuwa kofia ya marehemu babu yake.

Mimi nilisomeshwa katika shule za misheni, na katika mambo niliyofundishwa mapema mojawapo ni kuvua kofia. Mwanamume huvua kofia aingiapo kanisani, huvua mbele ya mkubwa wake, huvua bendera inapopandishwa. Ni adabu njema, wala siikatai hata leo. Lakini mimi niliizidisha kipimo. Niliweka sheria kwamba mwanafunzi wa darasa langu asivae kofia popote katika uwanja wa shule, awe ndani au nje. Basi siku ile ya kwanza nikamwambia mtoto, "Mwanangu, hapa shuleni hatuvai kofia." Akaivua pasipo neno, akaikunja, akaitia katika mfuko wake wa madaftari. Nikafurahi moyoni, nikasema, huyu ni mtoto mtiifu.

Akatii majuma 5. Asubuhi alisimama mstarini kichwa wazi. Saa 4 wenzake walipotoka kucheza, yeye alijibanza penye kivuli cha ukuta, na kivuli kilipohama naye akahama. Siku za kazi ya shamba alipalilia mahindi pamoja na wengine mpaka kengele. Niliuona uso wake umekuwa mwekundu, nikadhani ndivyo ulivyo. Wala sikumwuliza.

Hata siku moja asubuhi bibi yake akaja. Tukaamkiana, "Mwangaluka," nikamtolea kiti, akakataa kukaa. Akasema, "Mwalimu, sikuja kugombana nawe. Nimekuja kukuonyesha." Akamwita mjukuu wake, akaifunua kanga aliyomtandia kichwani. Masikio yalikuwa yamechubuka, yana vidonda. Shingo vivyo hivyo. Midomo imepasuka. Akasema, "Kofia hii babu yake alimwachia kwa kinywa chake mwenyewe. Alisema, mtoto huyu asitoke nje bila kofia. Mimi sijui kusoma, Mwalimu. Nilipoona umemvua, nilidhani wewe uliyesoma umeona dawa nyingine."

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilimwomba bibi msamaha, kisha nikamwomba na mtoto. Bibi akaniambia, "Nimekusikia. Lakini nikiona kidonda kingine, mjukuu wangu atakaa nyumbani, na kusoma basi."

Alasiri ile nilikwenda kwa mganga wa zahanati kuuliza yale ambayo ilinipasa kuyauliza mwezi wa Januari. Nitawaandikia kwa kifupi, maana huenda mmoja wenu ana mtoto wa namna hiyo nyumbani au darasani. Ualbino si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe ni weusi na katika ukoo hakuna aukumbukaye. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe akisema mtoto si wake, amemdhulumu. Ulaya inakadiriwa kwamba mtu 1 katika watu 17,000 au 20,000 huzaliwa hivyo. Katika Tanzania hukadiriwa mtu 1 katika 1,400. Akili ya mtoto huyu ni kama ya mtoto mwingine yeyote. Ila macho yake hayaoni mbali, basi aketi mbele karibu na ubao. Na adui yake mkubwa ni jua. Jua likimpata siku baada ya siku pasipo kinga, ngozi huungua, hufanya vidonda, na mwisho huingia saratani, naye bado kijana. Kinga yake ni kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kukaa kivulini tangu saa 4 asubuhi hata saa 10 alasiri. Mafuta hayo yametengenezwa hata hapa nchini, huko KCMC, Moshi.

Liko na jambo jingine, nalo sitalificha. Tangu yapata mwaka 2006 nchi yetu ilipata aibu kubwa, watu wenye ualbino wakauawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, hasa katika mikoa ya Ziwa na katika mikoa yetu ya magharibi. Bibi yule alizikumbuka habari hizo kila mjukuu wake alipoondoka asubuhi kwenda shule, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu, njia ya vichaka. Kumleta shuleni lilikuwa tendo la ushujaa, nami nilikuwa nimelilipa kwa vidonda.

Basi kesho yake nikatangaza kwamba mtoto yule ameruhusiwa kuvaa kofia yake. Yeye peke yake. Nikadhani nimelimaliza jambo, kumbe nimefanya kosa la pili. Sheria iliyoondolewa kwa mtu mmoja humweka mtu yule peke yake, wote wakimtazama. Watoto wakaanza kumwita "Babu" kwa ajili ya ile kofia. Wakainyakua, wakarushiana. Siku moja tuliikuta juu ya mwembe. Nikawaadhibu wawili, na baada ya adhabu ikafichwa mahali pengine. Mwezi wa Aprili mtoto akaanza kukosa shule, leo yupo, kesho hayupo. Nikaona kwamba fimbo yangu haina nguvu juu ya jambo hili.

Mwezi wa Mei mvua zilipokoma, rafiki yangu mmoja, fundi wa reli, aliniletea bunda la magazeti ya zamani. Nikawaza jinsi ya kuyatumia, ndipo nikakumbuka kofia tuliyoikunja utotoni. Nikasema, kama kofia moja ni kichekesho, tuone kofia 54 zitakuwaje, maana darasa langu lilikuwa na watoto 54.

Kazi ilianza na hesabu. Gazeti lenye kurasa 24 lina karatasi 12 ukizikata katika mkunjo wa katikati, maana kila karatasi ni kurasa 2, mbele na nyuma. Karatasi 1 yafanya kofia 1. Basi tutahitaji magazeti mangapi kwa watoto 54? Wengi wakajibu 4, wakasahau baki. Msichana mmoja akasema 5, na karatasi 6 zitasalia kwa watakaoharibu. Alisema kweli, maana walioharibu walikuwa 6.

Kofia yenyewe hufanywa hivi. Twaa karatasi 1. Yangu nilipoipima ilikuwa na urefu wa sm 40 na upana wa sm 29. Ikunje katikati, ncha fupi mbili zikutane, mkunjo uwe juu. Sasa unayo karatasi ya tabaka mbili, yenye upana wa sm 29 na kimo cha sm 20. Tafuta katikati ya mkunjo wa juu, uweke alama. Shika pembe ya kulia ya juu, uilete chini hata ukingo wake ulale sawasawa katika mstari wa katikati. Fanya vivyo hivyo kwa pembe ya kushoto. Mbele yako pana umbo la pembe tatu, kama paa la nyumba, na chini yake utepe wa karatasi wa sm 5 na nusu. Utepe wa mbele ukunje kuelekea juu upande wa mbele, na wa nyuma ukunje kuelekea juu upande wa nyuma. Sugua kila mkunjo kwa ukucha. Kisha ingiza mikono chini, ufungue. Kofia imekwisha, pasipo mkasi wala gundi.

Waalimu wenzangu, msiipite kazi hii upesi, maana ndani yake mna masomo. Pembe kati ya mkunjo wa juu na mstari wa katikati ni pembe mraba, nyuzi 90. Ukiikunja hivyo, umeigawa sawasawa, nyuzi 45 na nyuzi 45. Na kilele cha kofia, zinapokutana pande mbili, ni pembe mraba tena. Watoto wangu walikuwa wamesikia neno hilo darasani, lakini siku ile waliligusa kwa vidole. Tena mdomo wa kofia una mzingo wa sm 58, mara mbili ya 29, na kichwa cha mtoto wa umri ule ni yapata sm 52. Basi kofia italegea. Dawa yake ni kupunguza upana kwa kukunja ndani sm 1 na nusu kila upande kabla ya kukunja utepe wa chini. Karatasi ya daftari haitoshi, utapata kofia ya mtoto wa bandia. Na gazeti lisilokatwa ni kubwa mno, utapata kofia ya kumfikia mtoto mabegani.

Wakati wa kukunja niliwasimulia habari za kofia. Niliwaambia kwamba zamani wapiga chapa wa Ulaya na Marekani walijikunjia kofia kila siku kwa karatasi zilizobaki mtamboni, wino na vumbi visiingie katika nywele, na jioni wakazitupa. Niliwaambia kwamba katika Ujapani watoto hukunja kofia ya chuma ya askari wa zamani kwa karatasi ya gazeti, waivae tarehe 5 Mei, siku kuu ya watoto. Kisha nikawaambia habari ya kwetu wenyewe, nayo ndiyo waliyoipenda. Mbele ya kila msafara uliopita hapa Tura alitembea kirangozi, mwenye bendera nyekundu, na kichwani alivaa ngozi ya mbega au ya paka-mwitu, na juu yake shada la manyoya ya bundi au ya korongo mwenye taji. Mtu wa mwisho kabisa katika msafara aliweza kumwona kwa kofia yake, akajua njia inakopita.

Mara darasa zima likataka manyoya. Wakatoka mbio, wakarudi na manyoya ya kuku na ya kanga, wakayachomeka katika mikunjo. Nikawapanga mstari uwanjani, na ngoma mbele. Yalikuwa mapata saa 5, na jua limesimama.

Ndipo nikamwona mtoto yule. Alikuwa amekunja kofia yake vizuri kuliko wengi, kwa kuwa alikaa karibu nami. Lakini hakuivaa. Aliishika mkononi, na kichwani alikuwa na ile pama ya babu yake. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona huvai?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kofia hii haina kivuli."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimefundisha kutwa habari za kofia, nikataja nchi za mbali na watu wa kale, lakini katika uwanja ule mtoto mmoja tu ndiye aliyejua kofia ni ya nini. Kofia yetu ilifunika utosi. Masikio yalikuwa nje, na shingo, na pua. Nikawaita wote penye kivuli cha mwembe, nikawaambia, "Mwenzenu ameona upungufu katika kazi yetu. Na atueleze kofia njema huwaje." Aliogopa kwanza. Kisha akavua pama yake, akaigeuza, akaweka vidole vyake vinne ukingoni. Akasema, "Ukingo uwe hivi. Ukiwa mfupi, jua linapita hapa," akagusa sikio lake lenye kovu, "na hapa," akagusa shingo. Watoto wakatazama makovu yale. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuyatazama pasipo kucheka. Mvulana mmoja aliyekuwa katika wale wenye kurusha kofia akauliza, "Inauma?" Akajibu, "Usiku."

Siku ile hatukuandamana. Tulianza kofia ya pili.

Kofia ya pili yahitaji karatasi ngumu. Tulipata mifuko ya saruji ya karatasi kwa waashi waliojenga nyumba ya mwalimu. Mfuko una tabaka kadhaa. Lile la ndani kabisa nililitupa, kwa kuwa vumbi la saruji hudhuru macho na mikono, na mengine niliyakung'uta mimi mwenyewe mbali na watoto. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo na maji, uji mzito. Kisha tukapima. Mzingo wa kichwa cha mtoto sm 52. Zidisha kwa 7, gawanya kwa 22, utapata kipenyo, yapata sm 16 na nusu, na nusu yake ni sm 8 na kidogo. Vidole vinne vya mtu mzima ni yapata sm 7 na nusu. Basi tulipiga msumari chini, tukafunga uzi, tukachora duara mbili kutoka msumari ule ule, moja ya sm 8 na moja ya sm 16. Ukiikata duara ya nje na ya ndani unapata ukingo, mfano wa pete kubwa. Tuligandisha pete mbili pamoja ili ukingo usilegee. Kisha tukakata utepe wenye urefu wa sm 55, ili sm 3 ziwe za kuunganishia, na kimo cha sm 10. Chini na juu ya utepe tukakata menomeno, tukayakunja na kuyagandisha, ya chini katika ukingo, na ya juu katika kifuniko cha duara. Kwa kuwa Tabora ni nchi ya nyuki, nta haikutushinda. Kofia ilipokauka tuliisugua kwa nta, nikapitisha pasi ya mkaa polepole hata nta ikanywewa na karatasi. Kofia kama hiyo huhimili manyunyu, ingawa haihimili mvua ya kweli.

Kazi ilitwaa majuma 3. Na kila siku ya kazi, mpimaji wa ukingo alikuwa mtoto yule. Wenzake walimletea kofia zao, naye akaweka vidole, akasema, "Imetosha," au, "Ongeza." Katika majuma yale 3 hakukosa shule hata siku moja.

Mzee mmoja wa kijiji alikuja kuniuliza, "Mwalimu, watoto tunawaleta wajifunze kusoma, au kushona karatasi?" Nikamwonyesha hesabu zao ukutani, akazitazama. Kisha nikamwonyesha kovu la mtoto, nikamweleza lilikotoka. Mzee akakaa kimya, akasema, "Kumbe." Juma lililofuata alileta nta, kibuyu kizima.

Siku ya Jumatatu ya kwanza baada ya kazi kwisha, watoto 54 walisimama mstarini, na wote 54 wana kofia zenye ukingo. Katikati yao ilikuwako pama moja ya zamani, nami sikuweza kuitambua upesi mpaka nilipoitafuta. Sikuitaja sheria yangu ya zamani. Nilisema tu, "Tangu leo sheria ya darasa letu ni hii: nje vaa, ndani vua." Jina la "Babu" likafa lenyewe.

Na jambo lililonifurahisha zaidi sikulipanga mimi. Watoto 9 wa upande wa kwa bibi walianza kwenda na kurudi pamoja, kwa mstari, na kirangozi mbele mwenye manyoya katika kofia. Walisema wao ni msafara. Kila siku kirangozi alikuwa mwingine, na sharti lao lilikuwa kwamba msafara hauondoki mpaka wote wamehesabiwa, wala hauachi mtu nyuma. Nilipolisikia sharti hilo, nilikwenda kwa wazazi wa wale 8, nikawaomba walilinde lisife. Mama mmoja akajitolea kuwasindikiza asubuhi, na baba mmoja jioni. Bibi aliniambia, "Sasa naweza kupika pasipo kutazama njia."

Nami nilimsimulia mtoto habari za watu wa namna yake waliotangulia. Nilimwambia kwamba mwaka 2008 Mheshimiwa Al-Shaymaa Kwegyir, mama mwenye ualbino, aliteuliwa na Rais Kikwete kuwa mbunge, na kwamba mwaka 2010 Mheshimiwa Salum Barwany, naye ana ualbino, alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini. Akaniuliza, "Huko Bungeni wanavaa kofia?" Nikamwambia, "Nje huvaa."

Sitaki kuwadanganya kwamba karatasi ni kinga ya kutosha. Mvua za Novemba zilipokuja, kofia zetu nyingi ziliharibika. Lakini wakati huo wazazi walikuwa wamekwisha kuzoea kuwaona watoto wao na kofia, wakachanga fedha, fundi wa cherehani akashona kofia za kitambaa kigumu, kwa kipimo kile kile cha vidole vinne. Kwa mtoto mwenye ualbino kitambaa kilichofumwa karibu karibu ndicho kifaacho, pamoja na nguo ndefu na mafuta, tena apelekwe hospitali ngozi itazamwe kila mara. Karatasi ilitufungulia mlango tu.

Basi mwalimu uliye na watoto wengi na vifaa vichache, anza na gazeti la zamani. Wafundishe kukunja, kupima na kugawanya. Na kama darasani mwako yumo mtoto anayevaa asichovaa mwingine, au anayeketi asipoketi mwingine, usimwamuru kuacha kabla hujamwuliza sababu. Mimi ningaliuliza siku ya kwanza, masikio yale yasingalikuwa na makovu.

Mtoto yule sasa yuko darasa la nne. Pama ya babu bibi ameitundika ukutani, naye huvaa ile ya kitambaa. Kila asubuhi akifika mlangoni husimama, huvua kofia, hunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," huiweka juu ya dawati lake la mbele, upande usiopigwa na jua la dirishani. Wala hakuna anayemwamuru.

Wasalaam.

Mimi Mwalimu wenu, Tura